Seva Iliyochoka Watu Wakipumzika

Kikombe cha bati kiligonga ukingo wa pipa, kikanyamaza, kisha kikagonga tena, safari hii polepole. Babirye alifumbua macho gizani akatabasamu. Nje ya chumba chake, katika ua mdogo wa mtaa wa Hai Jalaba, Juba, Mama Keji alikuwa akimchotea maji ya kuoga na akijitahidi sana asimwamshe. Hakuna aliyemwomba. Tangu Babirye aliposhuka kwenye basi la Kampala na sanduku lake la vifaa, mama huyo mwenye nyumba alimjazia ndoo kila siku kabla hakujakucha, kana kwamba ni jambo lililoandikwa kwenye mkataba wa kupanga.

"Umelala?" sauti ilinong'ona mlangoni.

"Nimeamka, mama."

"Ni hiki kikombe. Malesh, samahani mwanangu. Si leo ndiyo unaenda kumkamata mwizi?"

"Leo naenda kuuliza kama yupo."

"Basi oga vizuri. Anayekwenda kuuliza watu maswali awe safi."

Babirye alikuwa fundi wa kompyuta kwa cheti na mpelelezi kwa mazoea. Ofisi za Juba zilimwita pale mashine inapougua na watu wakaanza kutazamana vibaya. Mara nyingi alikuta ugonjwa ni mmoja tu, ama wa mashine ama wa watu. Leo hakujua bado.

Huko mtaa wa Thongpiny, Bwana Konga alimpokea getini mwenyewe. Alikuwa mkurugenzi wa shirika dogo la kutafuta ndugu waliopotezana vitani. Mtu mrefu, miwani imening'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Alimkalisha, akampa glasi ya maji, akangoja mpaka maji yaishe ndipo akaanza. Babirye aliliweka hilo akilini. Mtu anayekungoja umalize maji hapendi kuhukumu haraka.

"Dada Babirye, sitaki kumwonea mtu," alisema Konga. "Lakini kuna kijana wangu wa masijala, anaitwa Thok. Jioni hii natakiwa kumfukuza."

"Kwa kosa gani?"

"Kuiba picha. Seva yetu ina picha karibu laki moja za watu. Watoto waliopotea, wazee wanaotafutwa. Wengine hapa wana maadui, unaelewa? Picha ikitoka nje, mtu anaweza kufa. Sasa kila siku seva inaelemewa. Mtu anatoka Bor, amekaa juu ya lori, anafika pale dirishani atafutiwe mwanawe, na kompyuta imeganda. Fundi wa kwanza aliangalia, akasema kuna anayefungua picha kwa maelfu. Na jina lililoandikwa kila mara ni la Thok."

"Seva inaelemewa saa ngapi?"

"Hapo ndipo pananiumiza. Zaidi ni saa ya chai. Wote tunatoka kwa mama chai hapo nje. Awien anabaki dirishani kuhudumia watu, na ndani ya masijala anabaki Thok peke yake."

"Ilianza lini?"

Konga alivua miwani ambayo hata hakuwa ameivaa. "Baada ya bika, msiba wa Lilly. Ndiye aliyeijenga masijala hii. Malaria ilimchukua, mvua hizi hizi. Tulikaa kilioni kwao Kator, tukarudi kazini, na seva ikaanza kuugua. Awien husema inamlilia."

"Na wewe unasema nini?"

"Mimi nasema Thok alimbeba Lilly mgongoni mpaka hospitali usiku ule barabara ilipojaa maji. Sasa niambie, mtu kama huyo nimwite mwizi vipi?"

Masijala ilikuwa chumba kirefu chenye meza sita. Ukutani, juu ya betri za sola, palikuwa na karatasi ya maandishi makubwa ya mkono: UKIINUKA, ZIMA SKRINI. DIZELI HAKUNA. Kwenye meza ya mwisho kitambaa cha kichwa cha rangi ya machungwa kilikuwa kimefungwa kwenye mgongo wa kiti kitupu. Babirye hakuhitaji kuuliza kiti kile kilikuwa cha nani. Meza ilikuwa safi, na kompyuta yake wenzake waliitumia kwa zamu, wamesimama, bila kukalia kiti. Kuna aliyekuwa akiifuta kila siku.

Seva yenyewe ilikaa pembeni, ndani ya kabati la wavu, ikinguruma kwa utulivu. Babirye aliunganisha kompyuta yake na kuandika amri ya kuonyesha kazi zote zinazoendelea, nzito zikiwa juu. Huduma ya kugawana faili, ile ambayo mafundi huiita Samba, ilikuwa chini kabisa, inasinzia. Prosesa haikuwa na kazi.

"Sasa hivi nzima," alisema Awien kutoka dirishani. Alikuwa msichana mwembamba aliyekulia kambini Kakuma, Kenya, mwenye maneno mengi ya haraka. "Hiyo mashine iko na madharau, madam. Fundi akikuja inajifanya poa. Ngoja saa ya chai uone sinema."

"Nitangoja."

Hakungoja mikono mitupu. Alianza na washukiwa wa kawaida. Kazi ya kuhifadhi nakala ilipangwa usiku, na kumbukumbu zilionyesha inamalizika kabla ya alfajiri, akaiachia. Programu ya kukagua virusi ilikagua Jumapili tu. Diski haikuwa na kasoro. Mtandao wa wageni haukuwa na njia ya kufika kwenye seva. Aliwaondoa mmoja mmoja, bila haraka, na kila aliyeondoka alimwacha Thok akionekana peke yake zaidi.

Thok alikuwa meza ya tatu, kijana mpana wa mabega, kimya. Hakuinua macho. Alipoona kiti cha Babirye kinayumba, alikunja kipande cha boksi, akakisukuma chini ya mguu wa kiti, akarudi kukaa.

Saa ya chai ilifika. Wafanyakazi waliinuka wakitaniana juu ya nani atamlipia nani, na kila mmoja, akipita, alibonyeza kitufe cha skrini yake. Mmoja alikwenda hadi meza ya Lilly, akagusa kile kitambaa, akazima skrini ya hapo pia, akatoka. Chumba kikawa na vioo vyeusi mstari mzima.

Babirye alikaa. Kabla mazungumzo ya nje hayajatulia, feni ya seva ilianza kupiga mluzi, kisha kunguruma, kisha kulia kama gari linalopanda mlima. Aliitazama orodha. Samba ilikuwa imepanda juu kabisa, prosesa asilimia tisini na kitu.

"Si nilikuambia?" Awien alipaza sauti dirishani. Mbele yake mwanamume aliyetoka Bor, mwenye vumbi hadi kwenye kope, alikuwa akiitazama skrini iliyoganda, kofia mkononi. "Pole, mzee. Ngojea kidogo tu."

Babirye aligeuka kumtazama Thok. Thok hakuwepo mezani. Alikuwa akiingia kwa mlango wa nyuma, glasi ya chai katika kila mkono.

"Glasi mbili," alisema Babirye.

"Mimi napenda chai mingi, madam."

"Na hiyo ya pili ina sukari ya kujaa chini kama ya mzee wa miaka sabini. Wewe kijana una meno yote."

Thok alisimama. "Madam, mimi hapana iba kitu. Kama wanataka fukuza mimi, wafukuze. Lakini wewe usiangalie kule nyuma. Tafadhali."

Nyuma, mahali alipokataza, mtu alikohoa.

Kati ya kabati la faili na ukuta, kwenye kiti cha Lilly ambacho dakika chache zilizopita kilikuwa kitupu, alikuwa amekaa bibi mdogo wa umbo, amejitanda shuka mabegani, mikono juu ya mapaja kama mtu aliye kanisani. Alikuwa ameingia kwa mlango wa nyuma, kimya kama paka. Alimtazama Babirye kwa hofu.

"Ni Mama Tisa," alisema Thok kwa sauti ya chini. "Mama ya Lilly. Sheria inasema mgeni hapana ingia masijala. Bwana Konga akijua, atafunga mlango kwa yeye. Kila siku anatoka Kator na mguu. Anataka tu kukaa kwa kiti ya mtoto yake. Hapana gusa kitu. Mimi nampa chai, anakunywa, anaenda."

"Na ulikuwa tayari kufukuzwa kwa hilo?"

"Kazi nitapata ingine. Kiti ya Lilly ni moja."

Babirye alipiga goti kidogo, kama walivyomfundisha kwao, akamsalimia bibi. Mama Tisa aliushika mkono wake na hakuuachia upesi.

"Ya ustaza, mimi ndiyo naharibu mashine?"

"Hapana, mama. Kunywa chai yako."

Lakini akiwa bado amepiga goti aliona kitu. Chini ya meza ya Lilly, kwenye kasha la kompyuta ambayo hakuna aliyeigusa tangu watu watoke, taa ndogo ya kijani ilikuwa ikimetameta bila kupumzika. Hiyo ilikuwa taa ya kompyuta yenye kazi nyingi. Juu yake skrini ilikuwa nyeusi tii.

Akainama zaidi, akatazama meza nyingine. Taa inametameta. Na nyingine. Viti vitupu, vioo vyeusi, na chini ya kila meza ile taa.

Alirudi kwenye kompyuta yake na kuandika amri nyingine, ile inayoonyesha nani ameungana na seva na kutoka wapi. Ikaja mistari. Mstari wa kwanza: Thok. Wa pili: Thok. Wa tatu pia. Hapa ndipo fundi wa kwanza alipofunga daftari lake na kwenda zake. Babirye aliendelea kusoma hadi mwisho wa mstari, penye anwani ya kompyuta. Anwani zilikuwa tofauti. Tano kati yake zilikuwa za meza zilizoachwa, na kila moja ilikuwa na mhudumu wake ndani ya seva, yaani nakala ya Samba ya kuipa faili, na kila mhudumu alikuwa akitoka jasho.

"Thok, njoo. Jina lako limekaa kwenye viti vyote. Kwa nini?"

Kijana alikuna kichwa. "Lilly alipokufa, walifunga jina yake. Kompyuta zote zilikuwa naingia na jina ile. Asubuhi watu wanakuja, zinakataa. Awien analia. Mimi nikamwambia, chukua yangu, weka kote, watu wafanye kazi."

"Kwa hiyo ulimkopesha."

"Jina si kitu, madam."

"Jina lako lilikuwa karibu likufukuze, mwanangu." Alisema hivyo kwa upole, kwa maana hakuona kosa, aliona wema uliokosa bahati.

Jina lilikuwa limeeleweka. Kazi bado. Ni nani anayezifungua zile picha, ikiwa hakuna mtu kwenye viti? Babirye alisogea hadi meza ya Lilly na, huku jicho lake likiwa kwenye orodha, aligusa mausi kwa kidole kimoja.

Mhudumu mmoja alianguka kutoka juu ya orodha hadi chini.

Alingoja, mikono nyuma. Mama Tisa naye alingoja, glasi mdomoni. Baada ya kitambo yule mhudumu akapanda tena.

Akaenda meza ya pili, akagusa mausi. Mwingine akaanguka. Alipogusa ya mwisho feni ilishuka sauti, ikatulia, na kule dirishani Awien akashangilia: "Imefunguka! Mzee, imefunguka! Jina la mtoto nani?"

"Basi inafanya kazi ikiachwa," Babirye alijisemea. "Na ikiguswa inaacha. Mwizi gani huyo anayemwogopa mausi?" Aliitazama ile karatasi ukutani. Ukiinuka, zima skrini. Siku zote hizi kila aliyetaka kujua kompyuta ile inafanya nini aliigusa kwanza, na akiigusa inaacha. Hakuna aliyewahi kuiwashia skrini tu, bila kugusa kitu kingine.

Aliacha kompyuta ya Lilly itulie. Taa ya kijani ilipoanza kumetameta, aliiacha iendelee dakika kadhaa, kisha akanyoosha mkono na kubonyeza kitufe cha skrini pekee.

Kioo kilijaa mwanga. Uso wa mzee mwenye alama za paji la uso ulikuwa ukiwatazama. Ukafifia. Akaja mtoto wa kike ameshika kibao chenye namba. Akafifia. Mama na pacha. Mvulana asiye na jino la mbele. Walikuja na kwenda, mmoja baada ya mwingine, watu wote waliokuwa wakitafutwa, wakipita mbele ya kiti cha Lilly.

Thok alifanya ishara ya msalaba.

"Awien!" aliita Babirye. "Ukimaliza na mzee, njoo kidogo."

Awien alikuja akikimbia, akaona skrini, akaziba mdomo. Kisha akamwona Mama Tisa, akaziba na mkono wa pili.

"Ulipanga wewe hizi picha za kupita zenyewe?"

"Mimi, madam. Lakini si hizi!" Machozi yalikuwa yameshafika. "Ilikuwa ya Lilly. Tuliporudi kutoka kilioni hii office ilikuwa baridi sana. Nikasema, kompyuta ikiachwa, iweke picha zake, tumwone akicheka. Alikuwa na zake nzuri za Krismasi. Nikazitia kwa folda ya picha, nikazipanga zitangulie, nikaambia kompyuta zote zisome hapo. Siku ya kwanza tulimwona. Watu walilia, wakafurahi. Halafu dizeli ikaisha, tukaambiwa tuzime skrini. Nikadhani zimelala tu."

"Folda ipi ya picha?"

"Ile ya picha. Si kuna moja tu?"

Ndiyo, ilikuwa moja tu. Picha karibu laki moja zimemwagwa katika lundo moja. Babirye aliona jambo lote sasa, na akalieleza polepole ili Thok naye alielewe, kwa kuwa lilikuwa lake. Kompyuta ikiachwa, inaomba picha ifuatayo. Seva, kabla ya kuitoa, inapekua majina ya lundo zima ihakikishe ndiyo yenyewe. Ikimaliza, inaombwa nyingine. Kompyuta tano zikiomba kwa pamoja, bila kuchoka, seva haina nafasi ya kumtafutia mzee wa Bor mtoto wake. Watu wakirudi kutoka chai wanagusa mausi, na yote yanakoma.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema Awien. "Thok, ni mimi. Walitaka kukufukuza kwa sababu yangu, na jina lako pia ni mimi niliyeliweka kote."

"Wewe ulitaka tumwone akicheka," alisema Thok. "Hiyo ni kosa?"

Mama Tisa alikuwa ameweka glasi chini. Alizungumza akiitazama skrini, si watu.

"Awien aliniambia kwa bika. Alisema, mama, usilie sana, sura ya Lilly iko kwa mashine yote ya ofisi. Mimi nikaja kuona. Nakuta mashine imelala, nyeusi. Nasema, leo imelala, kesho itaamka. Narudi. Imelala."

"Mama!" Thok alishtuka. "Siku zote wewe nangojea picha? Mbona hapana sema?"

"Wewe nanipa chai, nanificha, tena niombe kitu ingine? Hapana. Nikasema ningoje."

Babirye ndiye aliyeanza kusogea, kwa sababu mikono yake ilijua la kufanya. Alitengeneza folda mpya, ndogo, akahamishia picha za Lilly, akaielekeza kompyuta ya Lilly huko. Kisha akageuza skrini kidogo kumwelekea bibi, akarudisha mkono.

Wakangoja.

Lilly alitokea akiwa na kile kitambaa cha machungwa, sinia la keki mkononi, kinywa wazi kwa kicheko, mtu wa pembeni amekatwa nusu. Mama Tisa alitoa sauti ndogo. Hakulia. Alivuta kiti mbele, kama mtu anayesogelea moto, akaanza kumwambia binti yake maneno ya Kibari ambayo wengine hawakutaka kuyasikiliza.

Hivyo ndivyo Bwana Konga alivyowakuta alipoingia, chai ikiwa bado kwenye masharubu. Alimtazama bibi, kisha Thok, kisha ile skrini. Babirye alimpa taarifa kwa ufupi: hakuna faili iliyotoka nje ya chumba hiki, hakuna mwizi, kila kompyuta ipewe jina lake leo hii, na lile lundo ligawanywe kwa folda ndogo wiki ijayo, atakuja kusaidia. Kisha wakajaribu. Walielekeza kompyuta zote kwenye folda ile ndogo, wakazima skrini nyingine, wakatoka wote hadi barazani. Kwa dirisha walisikiliza feni. Ilinguruma kwa utulivu, ikaendelea hivyo hivyo.

Konga alivaa miwani yake, akaivua.

"Thok, mwanangu. Nilikusema kwa wakubwa. Napiga simu sasa hivi niwaambie nilikosea."

"Tamam, bwana."

"Na kuhusu sheria ya wageni." Alikohoa. "Mama Tisa si mgeni. Aingie kwa mlango wa mbele. Skrini ya Lilly isizimwe saa ya chai. Dizeli itajua la kufanya."

"Sasa glasi ya pili nitasema ni ya nani?" aliuliza Thok, na hapo ndipo walipocheka, Awien kwa sauti kubwa kuliko wote, akijifuta pua kwa mkono.

Babirye alikusanya vifaa. Kile kipande cha boksi chini ya mguu wa kiti alikiacha. Dirishani mzee wa Bor alikuwa bado amesimama, lakini sasa alikuwa akiigusa skrini kwa kidole na kumwambia-mwambia Awien jambo, na Awien alikuwa akiitikia kwa kichwa na kuandika.

Mama Tisa alimsindikiza mpaka getini, amemshika mkono, akitembea pole pole ili njia isiishe.

"Shukran, ya biniya, binti yangu. Hata na mama ambaye alikuzaa, shukran."

"Nitamfikishia, mama. Na yule anayenichotea maji pia."

"Wewe utaenda kwa mashine zingine sasa."

"Ndiyo, mama."

Bibi aliuachia mkono, kisha akaushika tena.

"Kuja tena. Saa ya chai mimi iko, kwa kiti ile. Kuja hata kama mashine haina ugonjwa."